Moto wa Sekunde Tano, Daftari la Miaka Mingi

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 20 Septemba 2020, wakazi wa Wandegeya na vitongoji vilivyo chini ya kilima cha Makerere waliona moto ukiwaka kileleni. Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, ambalo tangu mwaka 1941 limekuwa mojawapo ya alama za jiji la Kampala, lilikuwa linaungua. Askari wa zimamoto wa Jeshi la Polisi walipambana na moto huo kwa saa nyingi, na kulipopambazuka paa lilikuwa limekwisha kuanguka na orofa za juu zimekuwa magofu. Jengo hilo limekwisha kujengwa upya, nalo lilifunguliwa tena mwaka 2024. Lakini siku zile za mwanzo hofu kubwa ya watu haikuwa juu ya matofali na mabati. Ilikuwa juu ya majalada. Ofisi za fedha na za kumbukumbu zilikuwa miongoni mwa zile zilizofikiwa na moto, na wengi waliopata kusoma hapo waliwaza jina lao lililo katika karatasi fulani, ndani ya kabati fulani.

Kwa askari hofu ya namna hiyo si ngeni. Kila kituo cha polisi, kiwe katikati ya Kampala au kule Moroto, kina kitabu cha matukio mezani. Askari wa zamu ya usiku huandika tarehe, saa, jina la mlalamikaji na jambo lililoripotiwa. Alfajiri hukabidhi zamu akaenda kulala. Anayempokea hakumwona mlalamikaji wala hakusikia sauti yake, lakini akifungua kitabu hujua la kufanya, na hakimu atakayekisoma miaka mitatu baadaye naye atajua. Nguvu ya kitabu hicho inatokana na jambo moja dogo: kila askari huandika katika safu zilezile kwa utaratibu uleule. Askari mmoja akiandika kwamba wizi ulitokea saa tatu akikusudia saa ya Kiswahili, na mwenzake akasoma saa tatu kwa hesabu ya Kizungu, mshitakiwa ataleta mashahidi waliokuwa naye saa sita nzima mbali na tukio, na kesi itaanguka.

Wapo wataalamu wa sayansi ambao kwa miaka zaidi ya arobaini wamekuwa wakiandika kitabu cha matukio cha namna yao. Tukio wanaloliandika ni jua dogo, linalowashwa na binadamu ndani ya chombo cha chuma na kuzimika baada ya sekunde chache. Namna wanavyoliandika, na namna mtu aliye mbali anavyoweza kulisoma kwa kutumia kompyuta ya kawaida, ni habari inayowahusu hata wazazi wa Kampala wenye watoto wanaosomea sayansi.

JUA NDANI YA CHUMA

Jua hutoa joto na nuru kwa kuunganisha viini vya atomi za haidrojeni. Viini viwili vyepesi vinapobanwa vikawa kimoja, nguvu kubwa hutoka. Ni kinyume cha vinu vya nyuklia vinavyotoa umeme hivi leo, ambavyo hupasua viini vizito vya urani. Ili kuunganisha viini hapa duniani, wataalamu huchukua aina mbili za haidrojeni nzito, yaani deuteri na triti, wakazipasha joto mpaka zifikie nyuzi milioni 150 za Selsiasi, ambazo ni mara kumi ya joto la kitovu cha jua lenyewe. Katika joto hilo gesi haibaki kuwa gesi. Atomi huvuliwa elektroni zake, na kinachobaki ni mchanganyiko wa chembe zenye umeme uitwao plazima. Hakuna chungu wala sufuria inayoweza kuipakata plazima hiyo. Kwa hiyo hushikiliwa kwa nguvu za sumaku katikati ya chombo kilichotolewa hewa yote, chenye umbo la bangili nene, kiitwacho tokamaki. Neno hilo lilitoka kwa Warusi, ambao ndio waliobuni chombo chenyewe.

Kwa muda mrefu tokamaki kubwa kuliko zote ilikuwa JET, iliyojengwa na nchi za Ulaya huko Culham karibu na mji wa Oxford, Uingereza. Iliwashwa mara ya kwanza mwezi Juni 1983. Tarehe 3 Oktoba 2023, ikiwa imekwisha kuzeeka, iliweka rekodi: katika muda wa sekunde tano ilitoa nishati ya megajuli 69 kutokana na mafuta yenye uzito wa miligramu 0.2 tu.

Anayepika nyumbani atauliza, hiyo ni kiasi gani? Joto hilo linakaribia lile la mkaa mkavu wa kilo mbili na robo ndani ya sigiri, na chembe moja ya sukari ni nzito kuliko mafuta yaliyotumika. Hata hivyo haki itendeke kwa mkaa. JET ilikula nguvu nyingi kuliko ilizotoa, na hakuna nyumba hata moja iliyopikiwa chai kwa moto wake. Wanaoandika kwamba umeme wa namna hiyo u karibu kufika wanawatangulia mafundi wenyewe.

Tarehe 18 Desemba 2023 JET ilizimwa kwa mara ya mwisho. Kila mara mtambo unapowashwa wataalamu huita pigo, na pigo la mwisho lilikuwa la 105,842. Katika pigo hilo walifanya jambo ambalo kwa miaka yote walikuwa wakilikwepa: walielekeza boriti ya elektroni kwa makusudi kwenye ukuta wa ndani ili waone madhara yake. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni kuufungua mtambo vipande vipande, nyingi ikifanywa na mikono ya roboti kwa sababu triti na mionzi vimeingia ndani ya chuma.

Maana yake ni kwamba mapigo yale hayawezi kurudiwa. Triti ni adimu sana, na JET iliitumia kwa wingi katika misimu mitatu mikubwa tu, mwaka 1997, 2021 na 2023. Mtaalamu anayezaliwa leo hatapata kusimama mbele ya JET akaomba iwashwe tena ili ahakikishe jambo alilolitilia shaka. Atakachoweza ni kusoma yaliyoandikwa. Iwapo yaliyoandikwa hayasomeki, fedha za mataifa, jasho la mafundi na miaka arobaini ya kazi vitakuwa vimekwenda na moto, ingawa hakuna aliyeuona moshi.

KILA NDEGE NA UBAWA WAKE

Katika pigo moja vipimo vingi hufanya kazi kwa pamoja. Kimoja hupiga mwanga wa leza ndani ya plazima ili kijue joto la elektroni; kingine huhesabu chembe nyutroni zinazotoka; nyuzi za shaba zilizozungushwa chomboni hupima nguvu za sumaku; kamera nazo hutazama kuta. Kila kipimo huandika namba maelfu kwa maelfu katika kila sekunde. Namba peke yake haisemi kitu. Ukimpa mtu 3,000 atakuuliza: tatu elfu za nini, zimepimwa wapi, saa ngapi?

Kwa bahati mbaya, kila maabara ilijibu maswali hayo kwa namna yake. Hapakuwa na ubaya wowote katika jambo hilo. Mitambo ilijengwa mbali mbali, Ulaya, Marekani, Japani na Urusi, tena katika zama ambazo kompyuta za mahali pamoja hazikuweza kuzungumza na za mahali pengine. Mkondo wa umeme unaopita ndani ya plazima uliitwa jina hili hapa na jina lile kule. Joto liliandikwa na wengine kwa elektronivolti na wengine kwa maelfu ya elektronivolti.

Kubwa kuliko yote lilikuwa suala la saa, na hapa msomaji wa Kiswahili atawaelewa wataalamu hao haraka kuliko wanavyoeleweka kwao. Katika JET saa ya mtambo ilianza kuhesabu mapema, wakati sumaku zikiandaliwa, hivyo plazima huzaliwa kwenye sekunde ya 40. Katika mitambo mingine plazima huzaliwa kwenye sekunde ya sifuri. Mgeni akilinganisha kumbukumbu za mitambo miwili bila kuambiwa habari hiyo, atatafuta plazima mahali ambapo haijawashwa bado. Ni ileile saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu, ila tofauti yake ni sekunde arobaini badala ya saa sita.

Liko pia suala la kulia na kushoto. Mkondo unaozunguka ndani ya bangili unaweza kuhesabiwa kuwa chanya ukienda upande wa akrabu za saa, au kinyume chake. Kila mwandishi wa programu alichagua apendavyo. Mwaka 2013 wataalamu wawili, Sauter wa Lausanne na Medvedev wa Moscow, walikaa wakaorodhesha desturi zote zinazowezekana za kuhesabu pande hizo, wakazipa namba. Walipata 16. Programu iliyoandikwa kwa desturi moja ikilishwa data za desturi nyingine haitalalamika. Itapiga hesabu kwa utulivu kabisa na kutoa jibu lililopinduka.

Makosa ya namna hiyo si ya vitabuni tu. Mwezi Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo chake cha angani kilichopelekwa kuizunguka sayari ya Mirihi, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na ya upande wa pili ikazipokea kana kwamba ni vya metriki. Chombo kilishuka chini mno kikapotea. Namba zote zilikuwa sahihi.

KAMUSI MOJA KWA MATAIFA SABA

Kilichowalazimisha wataalamu kukubaliana ni mtambo mpya. Mwezi Novemba 2006, mjini Paris, Umoja wa Ulaya pamoja na China, India, Japani, Korea ya Kusini, Urusi na Marekani walitia saini mkataba wa kujenga ITER, tokamaki kubwa kuliko JET, kusini mwa Ufaransa. Ujenzi wake umechelewa mara kadhaa, na ratiba iliyotolewa mwaka 2024 inasema kwamba majaribio ya utafiti yataanza mwaka 2034. Watakaoandika na kusoma kumbukumbu za mtambo huo kwa wingi wako katika shule za msingi wakati huu. Wenye mawazo walioupanga watakuwa wamestaafu, na wengine watakuwa wametangulia mbele ya haki.

ITER ilitunga basi kamusi. Utaratibu wake wote unaitwa IMAS, na moyo wake ni orodha ndefu inayotaja kila kitu kinachoweza kupimwa katika mtambo wa namna hiyo, jina lake rasmi, kipimo chake na mahali pake. Orodha imegawanywa katika sehemu mfano wa sura za kitabu: sura ya sumaku, sura ya hali ya plazima katika kiini chake, sura ya kuta, sura ya vipashio vya joto, na kadhalika. Joto la elektroni huandikwa kwa elektronivolti. Msongamano huandikwa kwa idadi ya chembe katika mita moja ya ujazo. Muda ni sekunde. Pande za kulia na kushoto zimechaguliwa desturi moja kati ya zile 16. Kamusi hiyo haimlazimishi mtu kubadili mtambo wake. Inamtaka tu ayaandike aliyoyaona katika safu zinazojulikana.

Kamusi peke yake haitoshi, kwani hakuna mwanafunzi atakayekubali kukariri maelfu ya majina. Hapo ndipo inapoingia Python. Hiyo ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, na hivi leo ndiyo inayotumiwa zaidi na wanasayansi vijana. Neno hilo kwa Kiingereza ni chatu, lakini jina halikutokana na nyoka; mwenyewe alilichukua kutoka kwa kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza. Python hupewa maktaba, yaani mikusanyo ya programu zilizokwisha kuandikwa na wengine ambazo mtu huzichukua na kuzitumia bila kuanza upya. Iko maktaba ya Python kwa ajili ya IMAS, inayojua kamusi nzima. Mtumiaji humwambia: fungua faili hili, nipe hali ya kiini cha plazima. Maktaba humletea sura nzima ikiwa imepangwa, na yeye huchagua joto, msongamano au mkondo kwa jina. Akitaka kuandika hufanya kinyume: huomba sura tupu, hujaza safu anazozijua, kisha huamuru ihifadhiwe.

Uzuri wa maktaba hiyo uko katika ukali wake. Mtu hawezi kubuni safu isiyokuwemo katika kamusi. Akijaribu hukataliwa papo hapo. Kabla ya kuhifadhi ni lazima aseme habari ya saa: je, vipimo vyote vya sura hii vinafuata saa moja, au kila kimoja kina saa yake, au ni mambo yasiyobadilika na muda? Asiposema, maktaba haiandiki kitu. Ofisa mkuu wa kituo aliyepata kurudisha ripoti isiyokuwa na saa kwa askari wake atauona utaratibu huo kuwa wa haki.

Jambo jingine, ambalo kwa haraka linaweza kuonekana dogo, ni safu iliyoachwa wazi. Katika kitabu cha matukio kuna tofauti kubwa baina ya kuandika kwamba doria ilipita na haikuona kitu, na kutoandika chochote. La kwanza ni ushahidi. La pili huenda doria haikwenda kabisa. Kompyuta za zamani aghalabu zilichanganya mambo hayo mawili, kwani pasipoandikwa kitu zilijaza sifuri. Lakini sifuri nayo ni kipimo! Mtu anayetafuta wastani wa joto akikutana na sifuri za kipimo kilichokuwa kimeharibika siku hiyo, wastani wake utakuwa wa uongo. Katika utaratibu wa IMAS, safu isiyojazwa hupewa namba ambayo haiwezi kutokea katika plazima yoyote, yaani tisa hasi yenye sifuri 40 nyuma yake, na maktaba ikiiona hujua kwamba hapo hapakupimwa. Hapo hapo pana nafasi ya kuandika jina la aliyetayarisha data, tarehe, na maelezo kwa maneno ya kawaida.

Utaratibu huo hauna miujiza. Kamusi yenyewe hubadilika. Toleo la tatu na la nne havikufuata desturi moja ya pande, na baadhi ya majina yamehamishwa, ingawa maktaba hujitahidi kutafsiri kutoka toleo moja hadi jingine. Kuhamisha mapigo ya mitambo ya zamani katika safu mpya ni kazi ya kuchosha, na humhitaji mtu anayekumbuka kwamba kipimo fulani kiliwahi kufungwa kinyume. Watu hao wanapungua kila mwaka. Tena data iliyopimwa vibaya ikiandikwa vizuri hubaki kuwa mbaya, na pengine huwa ya hatari zaidi kwa kuwa sasa imevaa nguo safi.

PLAZIMA ILIYO JUU YA KAMPALA

Uganda haina tokamaki, na hakuna dalili ya kuijenga. Lakini plazima inayo, tena kila siku. Kuanzia umbali wa kilometa 60 hivi kwenda juu, miale ya jua huzivua atomi za hewa elektroni zake, ikafanya tabaka la plazima nyembamba ambalo ni zito zaidi kwenye kimo cha kilometa mia tatu na kitu. Tabaka hilo lina nguvu hasa katika nchi zilizo karibu na ikweta. Askari wa mawasiliano hulijua ingawa huenda hawaliiti kwa jina hilo, kwa maana ndilo linalorudisha chini mawimbi ya redio za masafa marefu, na ndilo linaloyavuruga mawimbi ya setilaiti baada ya magharibi, hasa katika miezi ya Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba.

Setilaiti zinazoonyesha mtu alipo, zilizo juu kiasi cha kilometa 20,200, ni lazima zipenyeze mawimbi yao katika plazima hiyo. Mawimbi huchelewa kidogo, na kuchelewa huko hugeuka kuwa mita ardhini. Wataalamu hupima wingi wa elektroni kwa kipimo ambacho kila kimoja huongeza kosa la sentimita 16. Alasiri, karibu na ikweta, vipimo 60 si ajabu, nayo ni karibu mita kumi. Simu ya mkononi huondoa takriban nusu ya kosa hilo kwa hesabu ya jumla inayotumwa na setilaiti zenyewe. Kwa mwenye bodaboda anayetafuta nyumba ya mteja huko Ntinda, mita zilizobaki hazidhuru. Kwa mpima ardhi anayegawa viwanja vya ndugu wawili wasioelewana, zinadhuru.

Habari za vipokezi hivyo ziliwahi kuwa katika fujo ileile ya tokamaki. Kila mtengenezaji alikuwa na mwandiko wake wa siri. Mwaka 1989 nchi za Ulaya zilipanga kazi kubwa ya upimaji iliyohitaji vipokezi zaidi ya 60 vya watengenezaji wanne, na Werner Gurtner wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, akatunga mwandiko mmoja wa wote uitwao RINEX. Ni maandishi ya kawaida yanayosomeka hata kwa macho. Juu huwa jina la kituo, aina ya kipokezi na kimo cha antena. Chini yake hufuata namba katika safu. Tangu hapo kipokezi kilichoko Mbarara, kingine cha Malindi na kingine cha Kigali viliweza kusomwa na mtu mmoja kwa programu moja, bila kumwomba ruhusa mtengenezaji wa yeyote kati ya hivyo. Watafiti wa Makerere na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara wamechapisha kazi nyingi juu ya plazima ya anga la Uganda kwa njia hiyo. Hawakuhitaji kwanza nchi yao iwe na mitambo ya mabilioni. Walihitaji safu zinazojulikana.

Mlango wa namna hiyo sasa umefunguliwa pia kwa upande wa tokamaki. Huko huko Culham kulikuwa na mtambo mwingine mdogo, MAST, wenye umbo linalokaribia tufaha lililotolewa kokwa, uliofanya kazi kuanzia mwaka 1999 hadi 2013 na ambao namba za mapigo yake zilipita 30,000. Mamlaka ya Nishati ya Atomiki ya Uingereza imeweka data za mtambo huo wazi kwa umma, na zile zilizokwisha kusafishwa zimepewa majina yanayofuata kamusi ya IMAS. Hazidai ada wala barua ya utambulisho.

Chukua mfano wa binti wa askari anayekaa katika nyumba za Polisi za Nsambya, mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu, mwenye kompyuta ya mkono wa pili. Python hailipiwi. Maktaba zake hazilipiwi. Gharama yake kubwa ni bando la intaneti, na kwa jambo hilo wahifadhi wa MAST, wakijua au bila kujua, wamemfikiria. Data zimewekwa vipande vipande, kila kipande na anwani yake, hivyo anayetaka mkondo wa plazima wa pigo moja huvuta kipande hicho tu akayaacha mengine yalipo. Mtu hanunui gunia zima sokoni Owino kwa ajili ya kikombe kimoja cha maharage. Kama umeme haukukatika, baada ya mistari michache ya programu atakuwa na mchoro.

Mchoro wenyewe hauna mapambo. Mstari unapanda kutoka chini mpaka kufikia ampea laki kadhaa, unatulia kwa sehemu ya kumi chache za sekunde, kisha katika baadhi ya mapigo unaporomoka ghafla kama ukuta uliobomolewa. Pale unapoporomoka ndipo plazima ilipoponyoka mikononi mwa sumaku, na sababu za kuponyoka huko ni mojawapo ya maswali makubwa yanayowakesha wajenzi wa ITER. Fundi aliyekuwa zamuni Culham siku hiyo huenda amekwisha kustaafu. Binti wa Nsambya anaona alichokiona fundi huyo, kwa namba zilezile. Atafungua na mapigo mengine ishirini, atayapanga yale yaliyoporomoka upande mmoja na yale yaliyozimwa kwa amani upande wa pili, na ataanza kutafuta kipimo gani kilibadilika kwanza. Muda umeandikwa kwa sekunde kando ya kila namba, wala hana haja ya kumpigia mtu simu kumuuliza kama saa hiyo ni ya Kiswahili au ya Kizungu.